Aliuza Neno la Sikioni

Saa nane na nusu mchana, siku ya Alhamisi, Maalima Chamma, mwimbaji wa harusi, yuko jikoni kwa watu, mtaa wa Hamri mjini Oran, Algeria, anapasha dufu lake juu ya jiko la gesi. Analizungusha juu ya moto mdogo, analigonga kwa kidole, analitegea sikio, analirudisha motoni. Ngozi ikilegea, shughuli nzima inalegea.

Mama wa bi harusi anapita na sinia la vileja vya lozi na kumwambia aangalie asije akaliunguza. Chamma hainui macho.

"Likiungua, binti yako tutamwozesha kwa sufuria."

"Sufuria zote zina chakula, maalima. Utapiga kichwa chako."

Wanacheka. Sebuleni wanawake kama arobaini wamekaa ukutani, mitandio imevuliwa, nywele zimetengenezwa, magauni yanametameta. Wanaume wamepelekwa kwa jirani. Simu zote zimebaki mlangoni, kila moja na kipande chake cha karatasi chenye namba. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye shughuli za wanawake, na ndiyo maana wanawake wanazipenda.

Msichana wa gauni la kijani anachungulia jikoni. Anataka leo wapigiwe ule wimbo wa Pasi, kwa sababu wamechoka kuusikia kwenye teksi tu, wanataka kuucheza.

Chamma anazima gesi. "Huo siuimbi."

"Bi harusi mwenyewe anautaka."

"Bi harusi nitamwimbia nyingine kumi. Huo siuimbi."

"Au maneno huyajui, maalima? Nikuandikie?"

Chamma analiweka dufu kwapani. Maneno anayajua. Ni yeye aliyeyauza.

Chamma ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka thelathini na minne amekuwa akiimba kwenye harusi, tohara na arobaini za watoto, akiwaimbia wanawake peke yao. Kundi lake ni la watu watano: madufu mawili, ngoma ya darbuka, kinanda, na yeye mwenyewe sauti ya mbele na dufu lake. Kazi inaanza kwa kumsifu Mtume, watu wakitulia na kujipepea. Baada ya saa moja chai inapita, na baada ya chai wanaanza kusemana.

Siku njema kundi linaondoka na dinari elfu arobaini na tano, wagawane watano, watoe na teksi. Kuanzia Mei hadi Septemba kazi ipo. Wakati wa baridi Chamma anashona mito.

Chamma ni jina la kazi. Waimbaji wa aina yake karibu wote wana jina la kazi, ili baba na kaka wasije wakasomwa kwenye tangazo la mtu. Jina lake halisi wanalijua majirani na ofisi ya kitambulisho.

Kinachomtofautisha maalima na mwimbaji wa kawaida ni neno la sikioni. Katikati ya ngoma, mwanamke anainuka, anamwinamia maalima, anamwekea noti chini ya mkanda na kumnong'oneza jambo lake. Huenda mkwe wake anamnyima funguo za kabati, au mume amelala chumba kingine tangu Ramadhani. Huenda pia ana furaha tu, na hajui pa kuiweka. Maalima anaendelea kupiga huku akifikiri, na baada ya muda jambo lile linatoka limeshakuwa ubeti. Jina halitajwi. Wote mle ndani wanajua ni nani, wanapiga vigelegele, na mwenye neno anacheza katikati akilia au akicheka.

Halafu linabaki mle ndani. Hakuna karatasi ya kusaini wala kiapo. Linabaki tu.

"Mimi nilifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kushika dufu," anasema Chamma. "Mwalimu wangu alikuwa akituambia, ukitoka mlangoni umesahau. Mtu akikuuliza walisema nini, unamwambia keki ilikuwa nzuri."

Miaka miwili iliyopita, kwenye harusi moja hapo hapo Hamri, mwanamke mmoja aliinuka. Tumwite Badra. Si jina lake, na hatutasema anafanya kazi gani, ila ni mahali penye watoto wengi. Mume wake alivuka kwenda Hispania miaka saba kabla ya siku ile, akasema atamwita. Alipiga simu miezi mitatu ya kwanza.

Badra alimnong'oneza Chamma kwamba kila Alhamisi bado anapiga pasi shati la mume wake. Lile moja, lililobaki. Alikuwa akicheka alipokuwa akisema, na Chamma anakumbuka kwamba pumzi yake ilinukia mdalasini. Ubeti ulikuja hivi:

"Kila Alhamisi shati lake nalipiga pasi,
jeupe, mistari ya samawati. Sina haraka, ninayo nafasi.
Mwaka wa saba huu shati bado jipya,
aliyechakaa ni mimi."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka watoto wakaja kuchungulia. Badra alicheza nyimbo tatu bila kukaa. Jirani yake anasema hakuwahi kumwona amechangamka vile tangu mume aondoke, kana kwamba mtu amemtua mzigo.

Ubeti huo umechapwa hapa kwa ruhusa yake. Gazeti lilipomuuliza, alijibu kwa kifupi: "Andika. Ni wangu. Ila uandike ulivyokuwa kinywani mwangu."

Mwimbaji kijana aliyeufanya maarufu hatutamtaja. Ameshatajwa vya kutosha.

Mtu wake wa studio ndiye aliyemfuata Chamma, miezi minne baada ya harusi ile. Alimkuta akitoka sokoni na mfuko wa vitunguu, akamkaribisha kwenye gari lenye kiyoyozi. Akamwambia vijana wa siku hizi wameishiwa, wote wanaimba pombe na pasipoti, watu wamechoka. Wanataka maneno ya ndani, yale ya wanawake, na nani anayo kama si yeye?

Chamma alimpa beti sita. Tano hazikumaanisha chochote. Ya sita ilikuwa ya shati. Mtu yule alizirekodi kwenye simu yake, akampa dinari elfu thelathini kwenye bahasha ya duka la dawa, na akamrudisha hadi kona ya nyumbani kwa sababu vitunguu vilikuwa vizito.

Tulimuuliza kama alikuwa na shida. Mgonjwa, kodi, mtoto wa kusomesha?

"Hapana. Ningependa niseme nilikuwa na njaa, lakini sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula. Nilitaka kuyasikia maneno yangu yakipita barabarani. Miaka yote hii naimba, na nikifika nje ni kama sikuimba. Nilitaka teksi ipite nijue ni mimi."

Alidhani hakuna ubaya maadamu jina halitajwi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa ndani, na aliutoa nje vile vile kama ulivyo. Hakufikiri kwamba mle ndani jina halitajwi kwa kuwa wote wanampenda mwenye neno, na kwamba nje halina haja ya kutajwa kwa kuwa watu watalitafuta wenyewe.

"Hata rangi ya shati sikubadilisha," anasema. "Ningesema jekundu. Ingenigharimu nini?"

Wimbo ulitoka mwanzoni mwa kiangazi. Kijana yule aliuchukua ubeti, mstari wa mwisho akaugeuza, yule aliyechakaa akawa "yeye", halafu akaongeza kiitikio chake: ewe bibi wa pasi, njoo basi, na langu limekunjamana. Kinanda kinapiga mluzi kila anapotaja pasi. Ndani ya wiki mbili mluzi ule ulikuwa kila mahali. Wavulana waliokaa juu ya uzio waliwapigia wanawake wanaopita, hasa wanaotembea peke yao, hasa wenye waume walio ng'ambo. Na Oran wenye waume walio ng'ambo si wachache.

Hamri haikuchukua siku mbili kujua shati ni la nani. Wanawake arobaini walikuwepo kwenye harusi ile, na kila mmoja ana dada. Watoto mahali anapofanya kazi Badra walianza kumpigia mluzi akigeuka. Watoto wa miaka minane, ambao hawajui hata wanachokisema.

Mtu wa kulaumiwa alipatikana upesi. Alikuwa Nouria Sahli, mjane wa miaka hamsini na miwili, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kikapu na kukusanya simu za wageni. Kwa kila shughuli alikuwa akilipwa dinari elfu mbili na sahani ya kwenda nayo. Wanawake walipiga hesabu yao: maneno yametoka, maana yake simu iliingizwa ndani, maana yake Nouria amelala au amehongwa. Wengine walisema alirekodi mwenyewe nyuma ya pazia.

Nouria ametaka jina lake liandikwe lote, na tunaliandika.

"Harusi ya kwanza waliniambia wamepata mtu mwingine," anasema. "Ya pili hawakuniambia kitu, nikafika nikamkuta binti kakaa kwenye kiti changu. Nikajifanya nimekuja kupongeza. Nikapongeza, nikarudi nyumbani."

Kwa miezi minane hakuitwa popote. Sasa anaosha ngazi za majengo mawili mtaa wa Gambetta. Muda wote huo Chamma alikuwa akipita kwenye nyumba zile zile, akipokewa kwa chai. Na Nouria aliposemwa mbele yake, alikuwa akiangalia chai yake.

Hapa ndipo anapoingia Ilhem Bouazza. Ana miaka ishirini na saba, anauza dawa kwenye duka la mtu, na Jumamosi asubuhi anaongoza kikao cha wanawake katika chumba cha jumuiya ya mtaa. Kuna spika ndogo, birika mbili na viti vya plastiki. Wanasikiliza nyimbo mpya zinazovuma, moja moja, na kuzisema. Nani anaongea ndani ya wimbo huu? Mwanamke yuko wapi? Amepewa neno, au amepewa nyonga tu? Baadaye Ilhem huyaandika waliyoyasema kwenye ukurasa wake mtandaoni, ambako wanaume humjibu akajifunze kupika.

"Wananiita mfeministi kama mtu anavyoitwa mwizi wa kuku," anasema. "Na mimi napika vizuri, waulize. Tatizo lao wanadhani tunachukia rai, muziki wa hapa kwetu. Bibi zetu waliiimba kabla hawa vijana hawajazaliwa. Tunaisema kwa sababu ni yetu."

Chamma alianza kwenda pale kwa ajili ya chai na kwa sababu Ilhem alimwomba. Mwimbaji mzee mle ndani ana heshima yake. Akisema wimbo fulani umeibwa kutoka miji ya Saida au Relizane, wote wanaandika.

Jumamosi moja mwezi wa Januari Ilhem alileta wimbo wa Pasi. Badra alikuwepo, alikuwa ameanza kuja wiki mbili kabla. Hakuna aliyejua kama abaki au atoke. Alibaki.

Ilhem aliupiga mara moja wote. Mara ya pili aliusimamisha kabla ya kiitikio. Akasema kuna mistari minne ambayo kijana huyu hakuiandika. Wimbo mzima umeandikwa na mtu anayemtazama mwanamke kutoka mtaa wa pili, ila mistari hii inajua shati linashikwaje. Inajua mtu akiwa peke yake siku ya Alhamisi anafanya nini na mikono yake. Na haimcheki mtu. Anayeongea anajicheka mwenyewe, kitu ambacho mtu hujifanyia tu akiwa mahali salama. Halafu kijana akaja, akamtoa mwanamke ndani ya maneno yake mwenyewe, akambandika mbele kama picha ya kurushiwa mawe.

"Hii imetoka kwenye sebule ya wanawake," Ilhem alisema. "Mwanamke fulani ameibiwa hapa. Na maalima aliyeitunga ameibiwa naye."

Chumba kizima kilimgeukia Chamma. Badra alikuwa wa kwanza kuongea. Alisema ndiyo, neno ni lake, alilitoa mwenyewe, na hamlaumu maalima wake. Anamlaumu aliyekuwa mlangoni. Mwanamke aliyekaa karibu na Chamma alimshika mkono na kumwambia pole, na wewe wamekuibia jasho lako. Mwingine alimwongezea sukari kwenye chai.

Chamma aliinywa.

Anaisimulia sehemu hii akiwa ameinamisha kichwa, akichuna uzi kwenye mto aliokuwa anashona. "Niliinywa chai yao. Nikasema Mungu atalipa. Hayo ndiyo niliyosema, Mungu atalipa. Nilirudi nyumbani nikashindwa kumwangalia hata paka."

Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Akanyamaza tena. Ilhem alikuwa ameshaandika uchambuzi wake, na ulikuwa umesomwa kuliko chochote alichowahi kuandika. Ndani yake kulikuwa na maneno mazuri kuhusu maalima asiyejulikana aliyeporwa kazi yake. Binti wa jirani alimsomea Chamma kwa sauti, akidhani atafurahi.

Jumamosi ya tatu Nouria alikuja mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba anatajwa kwenye kikao. Aliingia na viatu vya kazini, vimelowa maji ya ngazi, akasimama mlangoni na hakukubali kiti. Akasema amechoka kusemwa asikokuwepo, basi waseme yupo. Wakamuuliza maswali. Alijibu yote. Badra alisema kuuliza hakutoshi, aape. Mmoja akaenda kwenye rafu kuleta msahafu.

Nouria akavua viatu ili aende kutawadha.

"Msimuapishe," Chamma alisema.

Ilhem anasema sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba yeye alidhani maalima anamtetea rafiki. Ikabidi Chamma aseme tena, na safari hii akasema yote: gari, kiyoyozi, bahasha, vitunguu. Hata vitunguu alivitaja. Alisema hakuna aliyemwibia, na Nouria hakuingiza simu ya mtu yeyote.

Hakuna aliyepiga kelele. Nouria alikaa chini pale pale alipokuwa, viatu mkononi. Badra aliinuka, akaenda kwenye sinki, akaosha glasi yake ya chai kwa sabuni, akaisuuza mara mbili, akaifudikiza kwenye ubao. Akachukua mtandio wake na kutoka.

Ilhem anakiri kwamba siku ile alishindwa la kufanya. "Nilikuwa na majibu ya wanaume wote wa mtandaoni. Kwa maalima sikuwa na jibu. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba ameporwa, sikumuuliza, nilitaka tu iwe hivyo kwa sababu inasomeka vizuri." Aliufuta uchambuzi ule akaandika mwingine. Ulisomwa na watu wachache zaidi.

Tangu siku hiyo Chamma amejiwekea utaratibu. Kila harusi, kabla ya kumsifu Mtume, anasimama katikati ya sebule na kusema aliyelitoa neno la shati ni yeye, na Nouria Sahli hana kosa. Ameshasema hivyo kwenye nyumba kumi na moja. Nyumba nne zilifuta kazi zilipopata habari. Nyingine zinamsikiliza, zinaguna, na bibi mmoja humwambia haya, tumesikia maalima, sasa tuimbie. Dakika kumi baadaye watu wanacheza.

Hata Alhamisi hii kwenye nyumba ya vileja vya lozi ilikuwa hivyo hivyo. Msichana wa gauni la kijani alisikiliza akiwa amefunika mdomo. Halafu akauliza, kwa hiyo wimbo wenyewe hatutapigiwa?

Chamma alianza kudhani kwamba, polepole, deni lake linapungua. Wiki mbili zilizopita akajikaza, akaoka keki ya chungwa, akaenda kugonga kwa Badra. Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja. Mazungumzo yalikuwa mafupi, na wote wawili wanayasimulia kwa namna moja.

Chamma alimwambia amekuja kuomba radhi, na kwamba anasema ukweli kila shughuli anayokwenda, mbele ya wanawake wote.

"Uliniuza wapi?" Badra aliuliza.

"Unajua. Kwenye gari."

"Kwenye gari. Barabarani. Kwa mwanamume. Mbona unatubu sebuleni?"

Chamma alihamishia keki mkono wa pili.

"Humo ndani walishanijua, walishacheka na mimi, hawana tatizo na mimi," Badra alisema. "Wanaonipigia mluzi hawaingii sebuleni, Chamma. Wewe jina lako lipo wapi huko nje? Langu lipo. Langu lipo kwa wauza samaki."

Akafunga. Keki Chamma aliiacha kizingitini, na jioni aliikuta imerudishwa kwake, haijakatwa.

Siku iliyofuata alimpigia simu Ilhem, na Ilhem akalipigia gazeti hili. Ndivyo tulivyofika.

Kwa mtu wa kazi nyingine hili lingekuwa jambo dogo, jina kuandikwa kwenye gazeti. Kwa Chamma halijawahi kufanyika kwa miaka thelathini na minne. Kaka yake, Miloud, ana duka la nyama mtaa wa Medina Jdida, na anajua dada yake anaimba. Aliposhika dufu kwa mara ya kwanza walikubaliana kitu kimoja, kwamba jina la baba yao halitaingia humo. Baba alikuwa hai wakati ule na alitoa ruhusa kwa sharti hilo. Chamma amelishika sharti hilo maisha yake yote. Anasema ndilo jambo pekee la heshima alilobakiwa nalo mwaka huu.

Jumanne alikwenda dukani kumwambia Miloud. Alisubiri wateja waondoke. Miloud alisikiliza huku akikata mbavu, hakusimamisha kisu. Alipomaliza alifunga nyama ya mtu kwenye karatasi, akapangusa meza. Hakugomba. Alimwomba tu kwamba kwa miezi kadhaa asipite dukani siku za Ijumaa, wakati watu ni wengi.

"Ningependa angenitukana," anasema Chamma. "Nimemzoea akinitukana."

Jumatatu ijayo saa nne asubuhi ataingia redio ya mji pamoja na Ilhem, kwenye kipindi kile kile cha maombi ya nyimbo ambacho kimeupiga wimbo wa Pasi mara zisizohesabika. Ilhem atachambua wimbo, Chamma atasema ulitoka wapi na ulitokaje. Wasikilizaji watapiga simu. Mtangazaji amewaonya kwamba wanaopiga saa hiyo wengi ni madereva, na hawaongei kwa adabu.

Hajawahi kuongea wala kuimba mbele ya hadhira ya wanaume. Ameuliza kama atakuwa na kiti, au anasimama.

Nouria ameshaitwa kwenye harusi moja mwezi ujao, na amekubali, ingawa amesema kiti chake kiwekwe ndani ya mlango na si nje. Chamma hatakuwepo kwenye harusi hiyo. Nouria aliomba iwe hivyo, na wenye shughuli wakamsikiliza. Badra, tulipomuuliza kama atasikiliza redio Jumatatu, alisema saa hiyo atakuwa kazini, na kwamba zaidi ya hapo tusimsemee.

Tulimuuliza Chamma anatarajia nini.

"Anisamehe? Hapana, hilo sitarajii, mimi si mtoto. Badra sasa anaanika nguo zake bafuni. Nyumba ina paa zuri, jua lote lile, na anaanika bafuni ili mtu asione ana nguo gani. Nataka apande paani mchana, aanike mashuka yake, na asiangalie chini nani anapita. Nikiliona hilo nikiwa mbali, mtaa wa pili, inatosha."

Kabla hatujaondoka tulimuuliza mara mbili kama ana uhakika, maana gazeti likishatoka halirudi. Tulimwambia tunaweza kuandika Chamma tu, kila mtu Hamri ataelewa.

Akasema Hamri wanaelewa tayari. Akaweka mto chini, akasogeza kiti, akatungojea tufungue daftari.

"Andika Mokhtaria Belhadri, binti wa Kaddour Belhadri. Nyumba ya tatu baada ya tanuri la mkate, mlango wa bluu. Anayetaka kumpigia mtu mluzi wa pasi, aje hapo."